Mashine Kumi na Moja za Zuleica

Wengi wa wale waliomwita Zuleica Cassamo msaliti ndio aliowafundisha yeye mwenyewe kushika kipanya. Hilo lisemwe mwanzoni kabisa, kwa sababu ndilo linalochoma, na Palma ina watu wengi wanaopenda kulisahau.

Alikuwa binti wa marehemu Cassamo, fundi redio mwenye kibanda karibu na soko, na ufundi aliupata kwa baba yake kabla hajajua kusoma vizuri. Baba alipofariki, mama yake alimpeleka shule ya ufundi Pemba, mji mkuu wa mkoa wao, si kile kisiwa, akakaa miaka mitatu kwa shangazi mwenye mdomo mkali. Alipomaliza walimtaka abaki hukohuko, kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Akakataa. Ilikuwa miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini, na kila mwenye masikio alijua kwamba Palma itageuka. Alimwambia mama yake kwamba haoni sababu ya kukaa Pemba wakati Pemba nzima inataka kuhamia kwao.

Mji ukageuka kweli. Magari meupe yakaanza kupita mbio na kuwaachia watu vumbi. Nyumba za wageni zikajengwa palipokuwa na minazi. Vijana wenye fulana za kung'aa wakashuka kutoka Maputo, Nampula na Nacala, kazi zao wakiwa nazo tayari mfukoni. Wenyeji waliwaita vientes, yaani waliokuja, na neno lenyewe walilitamka kwa midomo iliyobetuka. Kila mkutano wenyeji waliambiwa gesi ni mali yao. Kazi walizopewa zilikuwa kufagia na kulinda geti.

Basi Zuleica akapata chumba chake. Shirika moja la nje lilikuwa limeacha kompyuta kumi kuukuu katika ghala la zamani la mbata, likapiga picha, likaondoka. Windows iliyokuwamo ililiwa na virusi vilivyoingia na flashi za watu waliotaka kuhifadhi nyimbo, na kwa nusu mwaka ghala lile lilikuwa la popo tu. Zuleica alizifungua zote kumi, moja moja, akapangusa vumbi, akafuta kila kilichokuwamo, akaweka Linux, mfumo ambao hauuzwi na hausumbuliwi ovyo na virusi. Mjini pale kila mtu alitumia Windows ya wizi, wakubwa wa ofisini wakiwa wa kwanza, na fundi yeyote wa sokoni angemwekea kabla chai haijapoa. Hakutaka. Alisema shule haianzishwi kwa kitu cha wizi. Watu wakacheka, wakamwita shehe. Lakini walikuja kujifunza.

Kulikuwa na mashine ya kumi na moja, kubwa kuliko zote, iliyonunuliwa halali pamoja na Windows yake. Aliiweka kwenye kijichumba cha nyuma, akaipa nayo Linux, ikawa ndiyo inayoziongoza zile kumi na kuhifadhi kazi za wanafunzi wote. Ikizimwa hiyo, chumba kizima kinalala.

Sasa, kampuni moja iliyopewa zabuni ya kuajiri watu wa ujenzi wa gesi ilikuwa na mtihani wake. Maswali ya usalama kazini na Kireno cha kawaida, unaufanyia kwenye kompyuta, na asiyeupita haingii hata getini. Mtihani ulifanyika Pemba tu. Kijana wa Palma alitakiwa asafiri siku nzima, na wakati wa masika siku mbili, aende kujibu maswali kuhusu kazi itakayofanyika nyuma ya nyumba yao. Wengi hawakwenda. Kisha kampuni ikatangaza kwamba wenyeji hawajitokezi.

Zuleica alikwenda ofisini kwa chefe Joaquim, msimamizi wa ajira wa kampuni hiyo, mara tano. Mara nne aliambiwa arudi kesho. Mara ya tano Joaquim, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alikuwa amechoka, alimpa programu ya mtihani kwenye flashi. Akamwambia kwamba ikifunguka kwenye kompyuta zake atakubali watu thelathini wafanyie Palma, na yeye mwenyewe atakuja kusimamia. Zuleica alipita mjini akiwaambia watu kwa kinywa chake: safari hii wataingia wenyeji, mimi nawahakikishia. Neno hilo la kuhakikisha lilikuja kumtokea puani.

Kwa sababu programu ilikuwa ya Windows. Programu ya Windows ukiiweka kwenye Linux inakuwa kama mtu aliyefika nyumba ambayo hakuna anayejua lugha yake. Anaomba maji na hakuna anayegeuka. Zuleica alijua njia mbili za kumsaidia mtu huyo. Ya kwanza ni kumjengea nyumba yake ndani ya nyumba yako, na jiko lake, kisima chake na ukuta mrefu, aishi humo akiamini kwamba yuko kwao. Mafundi wanaiita mashine pepe: kompyuta nzima ya uongo inayoishi ndani ya kompyuta ya kweli. Wenyeji wa Palma wangeielewa upesi, maana kambi ya wafanyakazi wageni wa gesi kule Afungi ilikuwa vivyo hivyo. Njia hiyo ni salama, lakini inakula kumbukumbu ya mashine bila huruma, na ndani yake lazima uweke Windows halali.

Njia ya pili ni kumwekea mkalimani mlangoni. Hujengi kitu. Programu ikiomba jambo kwa lugha ya Windows, mkalimani analigeuza palepale kuwa lugha ya Linux, na jibu analirudisha vivyo hivyo. Ni nyepesi, hata mashine iliyozeeka inaibeba, na haihitaji leseni ya mtu. Ubaya wake ni kwamba mkalimani hajui kila neno. Siku nyingine anaruka jambo, na huwezi kujua ni lipi mpaka likuumize.

Zile kumi zisingeweza kubeba mashine pepe hata kwa fimbo. Ile kubwa iliweza, na Windows yake halali ilikuwapo. Akafanya yote mawili: kwenye kumi akaweka mkalimani, kwenye ile kubwa akajenga mashine pepe, apate kulinganisha. Wiki nzima alifanya mtihani ule mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, mashine baada ya mashine, mpaka maswali akayajua kwa moyo. Kote ulifunguka. Kote ulifika ukurasa wa mwisho na kufunga majibu. Alimpigia Joaquim, akamweleza jinsi alivyofanya, na Joaquim akamjibu kwa Kireno kwamba ikifunguka imefunguka, yeye hana haja ya kujua jikoni kunapikwaje.

Hapa ndipo anapoingia Milton.

Milton alikuwa kijana wa Kimakonde kutoka Mueda, mtoto wa Zacarias, nesi mstaafu. Alikuja Palma kutafuta kazi kama wengine wote, akapanga chumba cha uani kwa mama yake Zuleica. Mpole, msomaji, Kireno chake safi kama cha redioni. Mama alimpenda kwa sababu alichota maji bila kuombwa. Orodha ya mtihani ilikuwa ya watu thelathini, mashine kumi kwa zamu tatu, na wote walikuwa wazaliwa wa Palma. Milton hakuwamo, wala hakuomba. Ni mama aliyesema kwamba mgeni wa nyumba hawezi kubaki barazani wakati watoto wa nyumba wanakwenda kujaribu bahati yao. Joaquim alipoulizwa alisema mmoja zaidi si neno.

Mashine ya kumfaa ikawa ni ile ya nyuma tu, na Zuleica mwenyewe alisita. Si kwa hofu yoyote. Aliona tu haya, kwamba mtu wa nje akae peke yake kwenye kijichumba chenye feni huku wenyeji wakibanana jotoni. Alipanga kumweka Milton kwenye zamu ya tatu na kumleta nyuma mmoja wa vijana. Ni vijana wenyewe waliokataa. Suleimane, mdogo wake Zuleica, ndiye aliyeongoza. Alisema mgeni hapewi kilichobaki. Mgeni hupewa kilicho kizuri, na wao si watu wa kuja kusemwa Mueda. Mwenzake akabeba kiti chenye mto kutoka mbele akakipeleka nyuma. Mwingine akamletea Milton maji ya baridi. Walikuwa wanajionyesha, ndiyo, kama vijana wanavyojionyesha, lakini waliutaka ule uungwana, na pwani nzima ingeufanya. Wakumbuke kwamba uungwana ule ulikuwa wao.

Mtihani ukaenda salama. Umeme haukukatika. Joaquim alizunguka na karatasi yake, akatia sahihi, akaondoka na majibu kwenye flashi, amefurahi. Siku ile Zuleica alirudi nyumbani akalala mchana, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utoto.

Matokeo yalibandikwa kwenye geti la ofisi ya kampuni baada ya majuma mawili. Jina la Milton Zacarias: amefaulu. Majina mengine thelathini hayakuwa na alama wala asilimia. Yalikuwa na mstari mmoja, uleule, mara thelathini: mfumo umechezewa, mtahiniwa amefungiwa miaka miwili.

Zuleica aliusoma mstari ule akiwa katikati ya watu. Alijua kabla hajaambiwa. Ndani ya kila jibu programu ilikuwa imeandika kimyakimya mashine ikoje, na huko makao makuu walipofungua waliuliza kama hii ni Windows ya kweli. Mashine pepe ilijibu ndiyo bila kupepesa jicho, kwa kuwa imeundwa kudanganya, na inadanganya mpaka kwenye mifupa. Mkalimani hakuundwa hivyo. Yeye hutafsiri tu, na alipoulizwa swali lile la mwisho, ambalo hakuna aliyemfundisha jibu lake, alijibu upuuzi. Mjanja wa kweli angeziba pengo hilo. Zuleica hakuwa mjanja, alikuwa mkweli, na waliokuja kulipa ni wengine.

Mji haukuhitaji maelezo hayo. Ulichokiona ni kwamba wenyeji thelathini wamefungiwa na viente mmoja ameingia, na huyo viente analala nyumbani kwa mwalimu, na alifanyia mtihani kwenye chumba cha pekee, kwenye mashine ya pekee, na feni. Ongeza hapo ulimi wa watu. Mara akawa mchumba wake. Mara akawa amempa majibu usiku wa kuamkia mtihani. Hata ule uaminifu wake wakamgeuzia: kama angeweka Windows ya wizi kama watu wote, walisema, watoto wetu wangekuwa kazini sasa. Na hilo, Mungu amsamehe anayelisema, lilikuwa kweli tupu. Lilimuuma kuliko matusi.

Wakaacha kumsalimia. Asiyezaliwa pwani hawezi kujua uzito wake. Unapita asubuhi, unatoa salamu, na mtu anajifanya anatafuta kitu kapuni. Nafisa, muuza mihogo, ambaye mwanawe alikuwa miongoni mwa wale thelathini, aligeuza kiti chake kabisa kila alipomwona anakuja. Suleimane alihamia kwa mjomba wake bila kuaga. Ghala likabaki na wanafunzi watatu, kisha mmoja, kisha popo wakaanza kurudi.

Milton alipewa viatu vya chuma na kofia, akaanza mafunzo ya kazi. Alikuwa anatoka alfajiri kwa aibu, kofia ameificha ndani ya begi. Mara mbili alimwambia mama kwamba atahama, na mara mbili mama alimkatalia.

Zuleica akaamua kuandika barua. Ilimchukua siku tisa, kurasa nane, kwa Kireno. Alieleza mkalimani ni nini na mashine pepe ni nini, akachora picha, akaambatisha kumbukumbu zote za siku ya mtihani kuonyesha kwamba hakuna mtahiniwa aliyegusa kitu. Mwishoni akaweka hoja ambayo aliiona ndiyo nguzo. Hata ile mashine ya kumi na moja mliyoikubali, aliandika, haikuwa Windows ya kawaida. Nayo ilikuwa ndani ya Linux ileile, kwa njia nyingine tu. Mkiwa mmemkubali yule, hamna sababu ya kuwakataa hawa. Aliisoma mara kumi na hakuona kasoro. Kwake yeye mizani ilikuwa na upande mmoja: ukionyesha kwamba watu wako sawa, walio chini watapandishwa.

Kireno chake kilikuwa cha ufundi, hakikuwa cha barua. Alasiri moja akaketi na Milton barazani akamwomba amsahihishie. Milton alisoma polepole, kalamu mkononi, akirekebisha hapa na pale. Alipofika ukurasa wa nane kalamu ikasimama.

"Mana," akasema, yaani dada, "hapa mwisho pananihusu mimi."

"Panahusu mashine, Milton."

"Ni kweli ilivyo?"

"Ni kweli."

Akaurudia ukurasa kuusoma tangu juu. Mama alikuwa anatwanga uani.

"Basi iache," akasema. "Ila hili neno liandike hivi, ndivyo wakubwa wanavyoliandika." Akalisahihisha.

Zuleica aliliona jambo lile. Tusimpake mafuta: aliliona, akaona mkono wa Milton umesita, na akajiambia kwamba kampuni kubwa namna ile haiwezi kumtoa mtu ambaye tayari amevaa viatu vyake. Alitaka sana barua iwe na nguvu. Alitaka sana Nafisa ageuze tena kile kiti.

Jibu lilifika baada ya majuma matatu. Joaquim alimwita ofisini kwake, kwenye kontena lenye ubaridi wa kuumiza meno, akamsomea. Kampuni ilimshukuru kwa maelezo yake yaliyo wazi na ya kitaalamu. Kutokana na maelezo hayo imegundua kwamba hata mashine ya kumi na moja iliuficha mfumo wake halisi, na kwa haki iliyo sawa kwa wote, matokeo ya watahiniwa wote thelathini na mmoja yamefutwa. Kifungo cha miaka miwili kinabaki, na sasa kinamhusu kila mmoja wao. Chumba cha Palma kimeondolewa katika orodha ya vituo.

Zuleica aliuliza kama kuna pa kukata rufaa. Joaquim alikunja karatasi mara mbili, kama anayetaka iwe ndogo.

"Dada yangu," akamwambia, "ungenyamaza, angalau mmoja angekuwa ndani."

Alimwambia Milton yeye mwenyewe, kabla kampuni haijamwambia. Hakutaka alisikie getini. Milton alimsikiliza, akaitikia kwa kichwa, akauliza kama viatu atatakiwa avirudishe vimesafishwa. Hakumlaumu hata kwa jicho. Angemtukana ingekuwa nafuu. Zuleica alikuwa amejiandaa kwa matusi na hakujiandaa kwa lolote jingine. Usiku ule mama hakusema na binti yake, na asubuhi alimfungia Milton mkate na mayai ya safari, akalia waziwazi, akamwomba amsalimie Zacarias na kumwambia kwamba mtoto wake alilelewa vizuri.

Zuleica alimsindikiza mpaka sokoni, linapopakia gari la Mueda. Alimkabidhi begi, akamshika mkono, akageuka aende zake ghalani, macho chini, kwa njia ileile aliyoizoea ya kupita kama mwizi. Habari zilikuwa zimemtangulia, maana tangazo lilibandikwa getini tangu jana yake.

Nafisa ndiye aliyeanza. Kiti chake kilikuwa kimetazama njia.

"Zuleica mwanangu, umeamkaje? Mbona unatupita kama hutujui?" Uso ulikuwa umemkunjuka. "Tumesikia. Yule naye wamemtoa. Alhamdulillahi."

Na wengine wakafuata, huyu salama, yule habari za nyumbani, mama mzima? Mmoja akamwekea muhogo wa kuchoma mkononi, akakataa kulipwa. Suleimane alikuwa na wenzake kwenye kivuli cha duka, akamwinulia mkono akicheka kama zamani. "Sasa tuko sawa, dada," alimpigia kelele kutoka kule. "Kesho tunakuja darasani."

Kwa miezi miwili alikuwa amepita pale kila asubuhi na jibu mdomoni, na hakuna wa kumpa. Akaisikia sauti yake mwenyewe ikiitikia, ya juu, yenye furaha, kabla hajawahi kuizuia: salama, mama, salama kabisa, na nyie je? Gari la Mueda lilikuwa bado linasubiri abiria, hatua kumi na tano nyuma yake, na Milton alikuwa ameketi upande ule ule wa njia, begi magotini, akisikia kila neno.